Mzee Kisiwa na Pati ya Ufukweni

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekuwa mwenyekiti. Nimekwisha.

Ilianza na mchwa. Wamekula ramani kumi na moja kwenye stoo yangu, wakaacha kingo tu. Bosi wetu, mwanamama, akaja, akaona, akashika kiuno. Akatangaza kwamba ofisi itapuliziwa dawa na itafungwa kuanzia Alhamisi ya wiki ijayo hadi Jumatatu yake. Siku tano! Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga, mpumbavu mimi.

Makofi hayajaisha, redio ya chumba cha uchapaji ikatangaza pati kubwa ya ufukweni kule Kisiwa Kikubwa, Jumamosi ya tarehe 16. Muziki kutwa nzima, michezo mchangani, kuogelea mpaka uchoke. Kisha vichwa vyote vikanigeukia. Wakasema Mzee Kisiwa yupo, tunaogopa nini?

Mzee Kisiwa ni mimi. Niandike ukweli humu, maana daftari hili linakaa kwenye droo yenye kufuli na ufunguo ninao mimi. Sijawahi kufika Kisiwa Kikubwa. Sijawahi kuona bahari. Maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ya tangi la shule, siku lilipopasuka.

Miaka kumi na saba iliyopita nilikuwa nachumbia. Palikuwa na mwanamume mwingine naye anachumbia hapo hapo, dereva wa malori, mwenye hadithi ya kila mji. Mimi nilikuwa na hadithi za stoo. Siku moja nikaona binti anamsikiliza yule dereva mpaka chai yake inapoa, nikasema niliwahi kuishi Kisiwa Kikubwa miaka miwili. Nilikitoa wapi? Kwenye kalenda ya kinyozi, mwezi wa Machi. Binti akageuka. Nikamwoa. Yeye akawasimulia wake wa wenzangu, wake wakawasimulia waume, na tangu hapo ofisini sina jina lingine.

Aliyependekeza niwe mwenyekiti wa safari ni Rula, mchora ramani wetu. Penseli sikioni, dharau mdomoni. Alipendekeza huku anatabasamu. Mtu huyu ananitafuta.

Jumanne, 5 Agosti

Mke wangu ameshajua. Nimefika nyumbani nimekuta gauni la njano limeshapigwa pasi, linaning'inia kwenye kabati. Gauni la njano! Alilishona mwaka tuliooana, kwa ajili ya siku nitakayompeleka Kisiwani. Limekaa sandukuni miaka kumi na sita. Bado linamwenea. Mimi suruali ya harusi haipiti magotini.

Anasema hataki makubwa. Pati yenyewe si kitu kwake. Anataka kuiona ile nyumba niliyokaa, yenye mlango wa kijani, hatua mia kutoka gatini, na lile jiwe nililokuwa nakalia jioni nikimuwaza mke nitakayempata. Nilimwambia haya mimi? Inaonekana nilimwambia. Anakumbuka mpaka paka wa jirani.

Mama mkwe, anayekaa nasi tangu pacha wazaliwe, aliinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa anachambua. Akaniuliza paka huyo alikuwa wa rangi gani. Nikasema nimesahau. Akasema ala! Akarudi kwenye maharage yake. Mama huyu simwelewi.

Nitaifuta safari. Mwenyekiti ana mamlaka.

Jumatano, 6 Agosti

Mwenyekiti hana mamlaka.

Niliingia kwa Bosi na uso wa msiba. Nikamweleza kwamba mwezi wa Agosti bahari ya kule huchafuka vibaya, mawimbi ya ghorofa mbili, hata sisi wenyeji tulikuwa hatutoki nje. Bosi akavua miwani. Akasema huu ni mwaka wa tisa anakaa kwenye kiti kimoja anasaini karatasi, na mawimbi ya ghorofa mbili ndiyo hasa anayoyahitaji. Akaniagiza niongeze mashindano ya kuogelea kwenye ratiba. Akanikumbusha niliwahi kusema kwamba nilikuwa nazunguka gati mara tatu bila kupumzika.

Kuogelea! Hilo nalo nilisema!

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wahenga hawakusema ufanye nini kama hujui kuogelea.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Bafuni, mlango nimefunga, beseni la kufulia limejaa. Nikatia uso ndani nikaanza kuhesabu. Nilifika nne. Mara ya pili nikafika sita, maji yakaingia puani, nikapiga chafya, nikagonga bomba kwa paji la uso. Nundu imetokea.

Mama mkwe alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba, na dirisha la bafu halina pazia. Akaenda kumwambia binti yake kwamba mume wako analia ndani ya beseni. Mke wangu akaja akanikumbatia na maji yangu hivyo hivyo. Akasema anaelewa, kurudi mahali pa ujana wako si jambo dogo.

Nilijisikia mwizi. Kisha akanikaangia mayai mawili, nikajisikia nafuu.

Ijumaa, 8 Agosti

Kikao cha kamati, saa nne, chumba cha uchapaji. Nimeongoza vizuri mpaka mimi mwenyewe nimejiogopa.

Walitaka ratiba. Nikasimama mbele ya ramani kubwa ya ukutani. Jimbo letu limejaa karatasi yote, na Kisiwa Kikubwa, kwa kuwa kiko mbali huko baharini, kimechorwa ndani ya kisanduku, chini kabisa, kona ya kulia. Nikapima. Kutoka gatini hadi ufukwe wa pati ni sentimita nne. Skeli imeandikwa wazi chini ya ramani: sentimita moja ni kilomita mbili. Kilomita nane! Mtu mwenye miguu yake anafika kabla jua halijawa kali. Kumbe Kisiwa Kikubwa ni kikubwa kwa jina tu!

Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza wiki hii. Nani ashindwe na kakisiwa ka kilomita nane? Nikatangaza kwamba tutalala gatini, Jumamosi asubuhi tutakwenda ufukweni kwa miguu tukiimba, jioni tutarudi kulala, Jumapili mchana tutapanda meli. Nilisema "tutakata kushoto kwenye minazi" kwa sauti ya mtu aliyekata kushoto mara nyingi.

Rula akanyoosha mkono. Akasema, kuhusu hicho kisanduku, Mwenyekiti. Nikamkata hapo hapo. Nikamwambia wapo waliochora kisiwa na wapo walioishi kisiwani. Watu wakacheka, wakapiga meza. Bosi mwenyewe alifuta machozi. Rula akashusha mkono, akatoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. Mtamu ushindi, jamani!

Hakuna mwingine aliyesogea kuitazama ramani. Ofisini kwetu ramani tunazichapa na kuzikunja. Kuzisoma ni kazi ya mteja.

Mchana nikapiga simu nyumba ya wageni iliyo karibu na gati. Mama mwenye nyumba aliuliza kama tunajua pati ilipo. Nikamwambia mama, mimi ni wa hapo hapo. Akaniomba nirudie. Akasema karibuni sana.

Jumapili, 10 Agosti

Utulivu umekwisha. Njia nimeipata, lakini nyumba yenye mlango wa kijani nitaitoa wapi? Na kuogelea? Leo nimefika tisa kwenye beseni. Tisa si kuzunguka gati mara tatu.

Mke wangu anawaimbia pacha kuhusu bahari. Ananifanya nitake kwenda kweli. Hili ndilo linalonimaliza. Natamani kuiona bahari kuliko mtu yeyote katika ofisi ile, na mimi peke yangu siwezi kusema.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamua kuumia. Asubuhi nimeingia kazini nachechemea. Nikasema nimeteleza bafuni, huenda safari nisiiweze, waende tu, nitawaombea. Watu wakasikitika. Mmoja akanipa kiti. Bosi akaniletea chai kwa mkono wake.

Saa nane Rula akapita mlangoni kwa stoo. Akasema Mwenyekiti, asubuhi ulichechemea wa kulia. Akaenda zake.

Nikajitazama. Nilikuwa nachechemea wa kushoto.

Ilinibidi nipone kabla ya saa kumi. Watu wamesema ni muujiza. Bosi amesema wenyeji wa visiwani wana mifupa migumu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata! Kwa nini sikuliwaza hili mapema?

Wapuliza dawa watakuwa ofisini siku tano, peke yao, na ramani zote. Lazima abaki mtu wa kuwasimamia. Mtu mwaminifu. Mtu aliye tayari kujinyima. Nikaingia kwa Bosi na hotuba niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikasema roho inaniuma, lakini kazi kwanza. Mmoja wetu hana budi kubaki, tena awe anayezijua ramani hizi kuliko wote, azipende kama watoto wake. Nikainamisha kichwa nikasubiri kuteuliwa.

Bosi aliguswa. Aliguswa mpaka akasimama. Akasema hakujua kama nina moyo wa namna hii. Akamwita Rula, akamwambia atabaki yeye.

Jumatano, 13 Agosti

Rula hakubisha hata kidogo. Alifunga kabati lake, akaja stoo, akasema kuna jambo kuhusu ramani angependa nilijue kabla ya kuondoka. Nikamwambia mambo ya safari ni ya wasafiri. Akaniangalia muda mrefu. Akanitakia safari njema, tena kwa adabu.

Nimelala mchana nimeota mlango.

Alhamisi, 14 Agosti

Basi kutwa nzima mpaka bandarini. Watu saba, nyimbo mbili. Mke wangu amekaa dirishani na gauni limekunjwa mapajani, hataki litiwe kwenye begi. Mama mkwe amebaki na pacha. Wakati wa kuaga alinishika mkono akasema mwanangu, msalimie paka.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeiona.

Meli ilipotoka na kuta za bandari zikaisha, ikawa maji tu. Sina maneno. Kalenda ya kinyozi ilinidanganya, imeifanya ndogo. Nililia. Nililia waziwazi kama mtoto aliyefiwa, na mke wangu akanishika mkono akawaambia wenzetu waniache, anakumbuka. Sikuwa nakumbuka chochote. Nilikuwa naona kwa mara ya kwanza, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Baada ya nusu saa nikaanza kutapika. Mzunguka gati mara tatu nimekumbatia ndoo! Bosi alikula machungwa manne mbele yangu, akasema mawimbi haya si ya ghorofa hata moja, nimemdanganya.

Tumefika saa tisa alasiri. Gati, mapipa ya mafuta, maghala, matope. Minazi hakuna. Kwa kuwa kilomita nane si kitu, watu wakaomba twende tukauone ufukwe leo leo, kesho tuwahi nafasi nzuri. Nikasema nifuateni. Nikakata kushoto. Tukapita maghala, tukapita yadi ya vyuma chakavu, tukapita ukuta mrefu usio na mwisho. Saa nzima. Mtu wa uchapaji akauliza kama muziki wa majaribio hausikiki toka huku. Nikasema upepo unaupeleka upande mwingine.

Mwisho mke wangu akamsalimia mwanamke aliyekuwa anauza ndizi kando ya njia, akamuuliza kama kwenye pati bado ni mbali. Mwanamke akamtazama, akatutazama miguu. Akauliza mnakwenda kwa miguu? Akamwita mwenzake aje asikie.

Pati iko pwani ya pili ya kisiwa. Basi moja kwa siku, linaondoka alfajiri, linapanda milima, linafika jua likizama. Saa kumi na moja za safari. Wakati huo pati inafungwa, na meli yetu ya kurudi inaondoka Jumapili mchana. Inayofuata ni Alhamisi. Nilipiga hesabu mara tatu. Hesabu haidanganyiki, nimejaribu.

Hakuna aliyenitukana. Tulirudi njia ile ile, ukuta ule ule. Heri wangenitukana.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku ya pati.

Saa mbili asubuhi Bosi alimpigia Rula na kufungua sauti ya simu tusikie wote. Rula akaeleza polepole, hata hakucheka. Kisiwa kimewekwa kwenye kisanduku kwa sababu hakienei kwenye karatasi. Kisanduku kina skeli yake. Humo sentimita moja ni kilomita themanini, na imeandikwa chini ya kisanduku chenyewe kwa sababu aliiandika yeye. Akasema alijaribu kusema mara mbili. Bosi akamwambia anajua. Akakata simu.

Kilomita mia tatu na ishirini! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwa na ramani.

Bosi akanigeukia. Akauliza, kwa upole wa kutisha, mtu akiishi mahali miaka miwili, anashindwaje kujua kama ni padogo au pakubwa? Watu wote sita walikuwa wananitazama. Nikasema wakati wangu palikuwa padogo.

Nimeandika hivyo hivyo nilivyosema. Palikuwa padogo. Mbele ya watu wazima wa ofisi ya ramani.

Mke wangu akainuka. Akaingia chumbani, akatoka amevaa gauni la njano, viatu vimefungwa vizuri, nywele zimetengenezwa. Akasema pati si kitu, alishasema tangu mwanzo. Nimpeleke kwenye nyumba. Hatua mia kutoka gatini, akasema, huko hakuhitaji basi.

Nilitembea naye kutoka gatini kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Hatua ya tisini na kitu nikainua macho. Mlango wa kijani! Wallahi, mlango wa kijani mbele yangu, rangi imebambuka, lakini kijani! Nilikaribia kuanguka kwa furaha. Nikaunyooshea kidole. Nikasema ndio huu. Nikasema jiwe wameliondoa.

Nilidhani atautazama tu. Akaenda akabisha hodi.

Akatoka bibi mmoja mrefu, umri wa mama mkwe. Mke wangu akamwamkia shikamoo, akamweleza kwa adabu kwamba mume wake alipanga hapa zamani. Bibi akaniangalia kutoka juu mpaka chini. Akasema nyumba hii aliijenga baba yake, yeye kazaliwa humu, na haijawahi kulala mpangaji hata siku moja. Nikasema labda alikuwa mdogo, hakumbuki. Bibi akasema nina miaka sabini na mbili, mwanangu. Akafunga mlango taratibu.

Tulisimama hapo. Nikafikiria kumwambia mke wangu kwamba ni mlango mwingine, wa mtaa wa pili. Aliniwahi. Akasema hakuwahi kuitaka bahari. Kwao walimposa watu wawili, na mwenye hadithi nyingi alikuwa yule dereva. Akanichagua mimi kwa sababu nilisema nilikaa kwenye jiwe nikamuwaza kabla sijamjua. Miaka kumi na sita, kila nikimuudhi, amekuwa akilikumbuka hilo jiwe. Akasema alitaka kulikalia kidogo tu.

Niliumia. Siandiki mzaha hapa. Niliumia kweli, na sikusema kitu, na kutosema huko kumeniuma zaidi.

Akavua viatu akanipa nivishike. Akashuka kwenye ngazi za gati hadi palipo na mchanga kidogo kati ya mapipa. Bosi alikuwa ameshafika huko, amekunja sketi. Wakaingia majini wote wawili mpaka magotini, kisha mpaka kiunoni, gauni la njano likaelea juu ya maji. Walikuwa wanacheka. Wenzetu wengine nao wakashuka. Redio ya mama mwenye nyumba ilikuwa inarusha pati moja kwa moja kutoka pwani ya pili, muziki unafika mpaka gatini, na wao wakaanza kuruka humo humo kwenye maji machafu. Wakaniita. Wakasema Mzee Kisiwa, tuonyeshe, zunguka gati!

Nikawaambia nashika viatu.

Jumapili, 17 Agosti

Meli. Ndoo. Mke wangu alikaa na Bosi upande wa pili.

Nilikuwa na saa sita za kutafakari na nikazitumia. Nimeapa. Nikifika nyumbani namwambia kila kitu, kuanzia kalenda. Uongo hakuna tena.

Jumanne, 19 Agosti

Ofisi imefunguliwa. Mchwa wamekufa, na mimi pia. Rula ameteuliwa mwenyekiti wa safari zote zijazo, na jina langu limebadilishwa. Sasa naitwa Kisanduku. Hata mteja mmoja aliyekuja kununua ramani ya mashamba aliuliza Kisanduku yuko wapi amhudumie.

Rula hakuniita hivyo. Alinisalimia kwa jina nililopewa na mama yangu. Simpendi zaidi kuliko jana.

Nyumbani, mama mkwe aliuliza safari ilikuwaje. Nikashika kiti. Mke wangu akajibu ilikuwa nzuri, mama, tuliiona nyumba. Kisha akaenda kuosha vyombo. Amenisitiri! Mbele ya mama yake! Ningepigwa kofi nisingesikia uchungu kama ule.

Na kwangu mimi hasemi kitu. Leo nimekaa mezani, yeye yuko mbele yangu, akawaambia pacha wamwambie baba yao chakula kipo.

Sijamwambia bado. Natafuta wakati mzuri.

Jumamosi, 23 Agosti

Wakati mzuri umekuja wenyewe.

Alasiri mama mkwe alitoka na pacha. Tukabaki wawili, yeye anakunja nguo kitandani. Bila kunitazama akauliza kama kuna jambo nataka kumwambia. Sauti ya upole, ile ya zamani. Akasema liwe lolote, hatapiga kelele, hatamwita mtu. Anataka tu alisikie kutoka kwangu, halafu tuanze upya.

Nikakaa. Ukweli ulikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, nauhisi uzito wake. Maneno matatu tu: sijawahi kuishi Kisiwani. Nikafungua mdomo. Nikamwambia kwamba kabla ya Kisiwani niliishi milimani.

Sijui yalikotoka. Miaka mitatu, nikasema, kule juu kwenye baridi, nikiwaongoza wageni mpaka kileleni. Nikasema sikuwahi kumwambia kwa sababu palinitokea mengi. Nikasema nitampeleka Desemba, yeye na mimi tu, kule hakuna meli, hakuna kutapika. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyoona theluji.

Aliacha kukunja. Akakaa pembeni yangu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tumerudi. Akanitazama vizuri, muda mrefu. Kisha akasimama akaleta daftari la shule la mmoja wa pacha, na kalamu, akaniomba nianze mwanzo, nisiharakishe.

Mwaka gani? Nikampa. Nilikaa kwa nani? Nikampa jina, na la mke wake. Aliyeniajiri? Nikampa, nikasema simu yake imekufa. Mguu gani niliuvunja kwenye maporomoko? Wa kulia. Aliandika kila neno kwa mwandiko wake mzuri, akatia tarehe juu, akanisomea kwa sauti tuhakikishe pamoja, akaniomba nitie sahihi. Nimetia ile sahihi yangu ndefu ya ofisini. Akaichana karatasi kutoka daftarini taratibu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akavaa viatu. Akasema anampelekea mama yake aisome, halafu watapitia kwa Bosi.

Namshukuru Mungu. Mwanamke huyu bado anajivunia mimi.